Bei ya Jioni

Sokoni Ruangwa Hasani alikuwa na jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Wauzaji walimwita Bwana Jioni, tena walimwita hivyo mbele ya macho yake, naye akacheka, maana kwake lilikuwa jina la sifa. Wenzake walikwenda sokoni asubuhi, wakanunua kwa bei waliyotajiwa, wakarudi nyumbani vifua mbele kana kwamba wamewahi kitu. Hasani alikwenda jua likiwa limeshaelemea, wakati akina mama wa samaki wakavu kutoka Lindi wanaanza kukunja magunia na kuchungulia lori la kuwarudisha. Hapo bei haina ujanja, inashuka yenyewe. Nani atabeba samaki kuwarudisha Lindi?

Mbinu ilikuwa moja, na alikuwa tayari kumfundisha yeyote aliyemuuliza, na hata asiyemuuliza. Unataja bei yako. Wakikataa, unaondoka. Unaondoka taratibu, bila kununa, wala hugeuki nyuma. Ukigeuka wamekupata, wamejua roho yako imebaki pale kwenye fungu la samaki. Lakini ukienda zako shingo imenyooka, hufiki mbali kabla hujasikia, "Wewe baba, rudi bwana, chukua!"

Mwanafunzi wake bora alikuwa binti yake Biasha. Tangu akiwa na miaka mitano alikwenda naye sokoni, na ilipofika saa ya kuondoka bila kugeuka, mtoto ndiye aliyetangulia, kikapu kichwani, midomo ameibana ili asicheke. Wauzaji wakawa wanalalamika kwamba Bwana Jioni mmoja aliwatosha, sasa kawaletea wa pili.

Halafu Biasha akaanza kuchutama. Wakiwa njiani kutoka sokoni angekaa chini ghafla, magoti yamekutana na kidevu, anavuta pumzi kwa shida, na midomo imegeuka rangi ya zambarau. Mwanzoni wakadhani ni uvivu, kisha malaria, kisha wakadhani kila wanachodhani watu walioishiwa na majina ya maradhi. Alipotimiza miaka minane, daktari mmoja wa Nachingwea alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza, akawaambia Hasani na mkewe Mwamina kwamba moyo wa mtoto una tundu.

Hasani alilirudia neno hilo, tundu. Tundu la gunia alilijua, linashonwa kwa sindano ndefu na uzi wa katani, kazi inaendelea. Tundu la moyo alikuwa hajapata kulisikia.

"Linashonwa," daktari alisema. "Lakini si hapa."

Akawaeleza. Madaktari wageni wangefika Dar es Salaam baada ya Pasaka, wangekaa juma moja, wangepasua watoto wachache tu. Nafasi ya Biasha imekubaliwa. Jumatatu asubuhi ya juma hilo awe hospitalini. Asipofika, nafasi anapewa mwingine aliye mlangoni, na wageni kurudi tena ni majaliwa.

"Na kwenye basi msimpandishe," akaongeza, na hapo sauti yake ikabadilika. "Mvua hizi gari likikwama Somanga siku mbili tatu, mtoto yumo ndani, mimi sitaki hata kuwaza. Mpelekeni kwa ndege."

Mwaka huo wa 2008 kulikuwa na ndege ndogo iliyotua Nachingwea Jumanne na Ijumaa, kwenye uwanja ulioachwa na Waingereza waliokuja zamani kulima karanga. Tiketi zake zilikatwa na dada mmoja aitwaye Klementina, katika kona ya duka la madaftari karibu na stendi. Alikuwa na meza, simu, na sauti ya upole ambayo Hasani aliitilia shaka mara tu alipoisikia. Kwa uzoefu wake, muuzaji mpole ndiye mwenye bei ngumu.

"Dar, Ijumaa ile ya kabla ya madaktari," Hasani alisema baada ya kumweleza habari za mtoto. "Watu wawili, mimi na binti yangu."

Klementina alimpa pole, akamtajia nauli. Hasani akavaa uso wake wa sokoni.

"Dada, mimi nataka kiti. Wewe unaniuzia ndege nzima."

Klementina alicheka. "Sipangi mimi, baba. Viti vya kwanza vinauzwa rahisi. Vikipungua, vinavyobaki vinapanda. Ukikata leo ni bei hii hii. Ukija wiki ijayo sikuahidi kitu."

"Viko vingi?"

"Leo viko vingi. Lakini vinakwenda."

Vinakwenda! Hasani alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote. Nyanya zinakwenda, mzee. Dagaa wanakwenda, hawa ndio wa mwisho. Na jioni unawakuta dagaa wa mwisho wamejaa sinia. Akataja bei yake, karibu nusu ya ile ya Klementina. Dada wa watu akatikisa kichwa, na kilichomuudhi Hasani ni kwamba alitikisa kwa huruma.

Basi akaaga, akaondoka taratibu, bila kununa. Akalipita duka la vitenge, akampita fundi cherehani, akafika kwenye mashine ya kukoboa mahindi. Hakugeuka. Hakuna aliyemwita.

Pale kwenye mashine ndipo hofu ilipomgusa mara ya kwanza, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta shati sokoni. Akaipuuza. Fedha alikuwa nayo mfukoni, ya ufuta wote wa msimu uliopita, na ilitosha viti viwili kwa bei ile ile ya Klementina. Lakini ikilipwa yote, mtoto atakula nini Dar? Dawa zitanunuliwa na nini? Hasani hakuwa bahili, msimsingizie. Alitaka kubakiza kitu cha kumuuguza mwanawe, na njia aliyoijua ya kubakiza kitu ilikuwa kungoja.

Tena alikuwa na ushahidi. Rashidy, mnunuzi wa korosho pale Ruangwa, kiangazi kilichopita alikwenda uwanjani bila tiketi, akamkuta rubani anataka kuruka na viti vitupu, akalipa nusu na kupanda. Habari hiyo aliisimulia kila kijiwe. "Kiti kitupu ni nyanya iliyoiva," Rashidy alikuwa akisema. "Ndege ikisharuka, unamuuzia nani?" Hasani alipoisikia mara ya kwanza alitamani neno hilo lingekuwa lake.

Alirudi nyumbani, na Biasha akampokea mlangoni. Siku hizi hakukimbia tena kumpokea, alisimama ameshika mwimo.

"Baba, bei imeshuka?"

"Bado, mama. Tunaipa nafasi."

Biasha akatabasamu, maana mchezo aliujua. Mwamina, aliyekuwa akipepeta mbaazi uani, hakutabasamu. "Umekata?" aliuliza.

"Bado wanapanga safari," Hasani alisema. Ulikuwa uongo mdogo, na aliushangaa ulivyotoka upesi.

Siku zikaenda. Alipokwenda Nachingwea mara ya pili, mwili ulikuwa unamwambia kata tu, maliza, urudi ulale usingizi. Usiku alikuwa akiamka kusikiliza pumzi za Biasha, na kila zilipochelewa kidogo yeye naye alijikuta amezuia zake. Aliingia kwa Klementina ameshaamua kulipa. Klementina akamtajia nauli, na nauli ilikuwa imepanda.

Hapo ndipo Hasani alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu hodari. Mtu mwingine yeyote, mwalimu, karani, hata mlevi, angesikia imepanda akalipa kabla haijapanda tena. Hasani alisikia imepanda akaona kwamba amegeuka nyuma. Amerudi mwenyewe bila kuitwa, muuzaji amemsoma uso, ameongeza bei. Alikuwa amewaona wangapi wakifanywa hivyo? Kulipa sasa ni kulipia ujinga wake. Dawa ya kosa hilo sokoni ni moja, kuondoka tena na kukaa mbali zaidi.

"Baba Biasha, nakuomba," Klementina alisema, na safari hii hakucheka. "Huyu ni mgonjwa. Kata leo. Nisikudanganye, Pasaka inakuja, watu watapanda."

"Tutaonana, dada," Hasani akajibu, akatoka. Akalipita duka la vitenge. Alipofika kwa fundi cherehani alitamani sana kugeuka, alitamani mpaka shingo ikauma, na akajipongeza kwa kutogeuka.

Juma lililofuata mvua ilinyesha kama imelipwa. Biasha alichutama mara mbili kwa siku moja, mara ya pili akiwa hajatembea kokote, ametoka tu kitandani kwenda kunywa maji. Mwamina alimkuta sakafuni, vidole vyake vimekuwa na weusi kwenye kucha. Alimshika mpaka pumzi ikarudi, kisha akamlaza, akamfuata mumewe barazani.

"Baba Biasha, niambie kweli. Tiketi unayo?"

Hasani alitazama mvua. "Bei itashuka siku za mwisho. Ndege haiwezi kwenda tupu."

Mwamina aliketi mbele yake. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa amemzoesha kelele.

"Unangoja bei ya mwanangu ishuke?" aliuliza, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. "Ya mwanangu?"

"Si ya mtoto, ni ya..."

"Ni ya nani?"

Hasani alitaka kumwambia kwamba yeye naye anaogopa, kwamba hofu ndiyo inayomfanya ashikilie kitu pekee anachokijua, lakini maneno hayo ni mazito kwa mtu aliyezoea kuitwa mjanja. Akasema atakwenda kesho. Mwamina akainuka akaenda kulala na mtoto.

Kesho yake asubuhi, Jumatano, redio ilisema barabara ya Dar imekatika. Maji yalikuwa yamebeba daraja dogo upande wa Somanga, mabasi yamepanga foleni pande zote mbili, abiria wanashauriwa kuahirisha safari. Hasani alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini bila kunywa.

Watu wote wale wenye haraka zao watakwenda wapi sasa? Jibu alilijua kabla hajamaliza kuuliza. Katika maisha yake yote ya sokoni hakuwahi kuwa upande ule wa bei, upande wa mtu anayekuja mbio na anayejulikana kwamba anakuja mbio.

Alimkodi kijana wa pikipiki aitwaye Anselmo, wakatoka Ruangwa kwenye matope yale. Mara mbili walianguka. Anselmo akasema, "Mshua, njia noma leo, tungoje ikauke," na Hasani, Bwana Jioni mwenyewe, akamfokea kwamba hakuna kungoja, endesha. Alisema hivyo akajisikia akisema.

Kwenye duka la madaftari watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Kulikuwa na maofisa wenye mikoba, wafanyabiashara, wazazi wanaorudisha watoto shule, na kila mmoja aliinua sauti. Hakuna aliyepatana bei. Hasani alipenya kwa mabega, akafika mezani na tope hadi magotini, akaweka fedha yote ya ufuta mbele ya Klementina kabla hata ya kusalimia.

"Viti viwili. Bei yoyote."

Klementina alimtazama, na Hasani aliona macho yake yamejaa maji. Hilo lilimwogopesha kuliko lolote.

"Kimebaki kimoja, baba. Nimekificha tangu asubuhi, nikisema labda utakuja. Nimetukanwa kwa ajili yake."

"Kimoja kinatosha!" Hasani alikaribia kucheka kwa nafuu. "Mtoto nitampakata."

Ndivyo alivyokuwa amepanga moyoni siku zote kama mambo yangeharibika. Kwenye basi mtoto wa miaka minane anapakatwa, hata wa miaka kumi mkibanana, kondakta anagomba kidogo kisha ananyamaza. Mtoto mwenyewe mwepesi, amekonda, hata uzito hana.

"Kwenye ndege hawapakati, baba," Klementina alisema. "Ni wachanga tu. Kila mtu na mkanda wake, na wanatupima uzito, ndege yenyewe ndogo. Kiti kimoja mtu mmoja."

"Basi nitakaa chini."

"Hakuna kukaa chini."

"Nitasimama."

Mtu mmoja nyuma yake alicheka, kisha akanyamaza. Hasani akazisukuma fedha mbele zaidi, zote, akisahau chakula na dawa za Dar na kila alichokuwa akikibakizia. "Chukua zote, dada. Mwambie mmoja ashuke. Waambie nitawarudishia mara mbili."

Klementina alihesabu nauli ya kiti kimoja, ambayo sasa ilimeza karibu kile ambacho siku ya kwanza kingetosha viwili, akamsogezea zilizobaki. Hasani alizitazama pale mezani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona fedha ambayo haina cha kununua.

Mtawa mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, kiti chake amekikata tangu mapema, akainuka. Alikuwa Sista Lusiana, aliyekuwa akienda Dar kuchukua vifaa vya zahanati yao. "Mwache mtoto aje na mimi," alisema. "Nitakaa naye. Kuna ndugu wa kumpokea?"

Alikuwepo, dada yake Hasani, shangazi Asmaa wa Mbagala. Basi tiketi ikakatwa kwa jina la Biasha peke yake, na Hasani akaikunja mara nyingi mno na kuitia ndani ya kofia.

Alichomwambia mkewe hakikuwa kirefu. Mwamina alisikiliza akiwa amesimama. Alitandika khanga sakafuni, akaweka nguo mbili na sufuria ndogo, akafunga.

"Mwanangu anapasuliwa kifua bila mtu wake," alisema. "Mpeleke uwanjani. Mimi naondoka na lori la mbaazi, linapita Nanganga alfajiri. Likikwama nitashuka nitembee."

"Mama Biasha, njia imekatika..."

"Nimesikia redio." Alimbusu Biasha, akamwambia watakutana Dar, akamwambia ale, asiogope. Kisha akamtazama mumewe kwa mara ya mwisho kabla hajatoka. Hasani alisubiri neno, hata baya, lakini hakupewa.

Alhamisi Hasani na binti yake walikwenda Nachingwea polepole kwa gari la mnunuzi wa ufuta, wakalala kwa jamaa. Njia nzima Biasha aliuliza habari za ndege. Ina honi? Ukitapika wanasimamisha? Halafu akauliza lile swali lake, na Hasani alikuwa amelingoja kwa woga tangu Jumatano.

"Baba, bei ilishuka?"

"Haikushuka, mama."

"Sasa wewe utapanda lini?"

"Kiti kilikuwa kimoja. Utakwenda na Sista. Shangazi atakupokea."

Biasha alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho makubwa ya watoto wagonjwa, yanayokaa juu ya mtu bila haraka. "Labda wakiona tunaondoka," alisema, na Hasani hakuelewa, wala hakuuliza.

Ijumaa mvua ilikata. Uwanja ulikuwa umejaa nyasi pembeni na maji katikati, na ndege ilipotua ilirusha matope mpaka kwenye mabawa. Hasani aliitazama akaona ni ndogo mno. Kitu chenyewe kilikuwa kama kinaweza kuvunjika kwa kukanyagwa, na ndicho atakachokitia roho yake. Watu waliokata mapema walipanga mstari wakizungumza habari za hali ya hewa, wametulia. Aliwachukia kwa utulivu wao, kisha akaogopa kwamba chuki yake itamfuata mtoto angani, akawaombea heri wote.

Likaitwa jina, Biasha Hasani. Sista Lusiana alikuwa ametangulia kupimwa mzigo, akamngoja kwenye ngazi ya ndege, ng'ambo ya kipande cha uwanja ambacho wasiosafiri hawakuruhusiwa kupita. Hasani alichutama mbele ya binti yake kama mtoto mwenyewe alivyokuwa akichutama, akamfunga kitufe cha sweta kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Ukichoka, kaa chini. Usione haya. Watakungoja."

"Ndiyo, baba."

"Mwambie Sista ukisikia kifua."

"Ndiyo."

Akaenda. Alitembea kwenye nyasi zile na kimfuko chake cha plastiki, peke yake, na Hasani akaanza kuogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa. Mtoto alikuwa akitembea polepole mno. Polepole kuliko nyumbani, polepole kuliko siku mbaya zote. Katikati ya uwanja akapunguza zaidi, karibu asimame, na Hasani akajua sasa anachutama, sasa moyo umechoka, watasema huyu hawezi kuruka, watamrudisha, Jumatatu itapita. Akauma ngumi. Usikae, mama. Usikae.

Biasha hakukaa. Aliendelea, hatua baada ya hatua, shingo imenyooka, na wala hakugeuka nyuma hata mara moja.

Hasani alitaka ageuke. Alitaka kumwita, arudi, wakae wote nyumbani na tundu lao wanalolijua, na jina likamfika mdomoni. Akauziba mdomo kwa kofia. Akimwita atarudi, na akirudi amekufa. Akasimama hivyo mpaka Sista aliposhuka ngazi mbili, akamshika mtoto mkono, wakaingia, mlango ukafungwa.

Siku zilizofuata hazisimuliki vizuri, maana hazikuwa na kitu ndani yake isipokuwa simu. Hasani aliachiwa nyumba na wadogo wawili wa Biasha, waliokuwa wamelala kwa jirani alipokwenda uwanjani, akawapikia ugali unaoungua. Asmaa alimwambia Ijumaa ile kwamba mtoto amefika, Jumatatu kwamba amepokelewa, Jumanne kwamba bado wanampima. Mwamina alikuwa kimya kabisa. Huko Somanga simu haikushika, na wasafiri waliorudi wakasema watu wanalala juu ya malori na tope limefika kwenye milango. Hasani akawa na wawili wa kuwaogopea, na usiku aligawa woga wake, kwanza huyu, kisha yule. Sokoni hakwenda. Siku moja Rashidy alipita barazani akaanza habari ya viti na nyanya, akamwona uso, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Jumatano Asmaa alipiga akasema wamemwingiza chumba cha upasuaji. Baada ya hapo simu ikalala. Hasani aliiweka juu ya kiti, akakaa chini akiitazama. Alijaribu kusali, lakini kila dua ilimgeukia ikawa kupatana bei. Mchukue huyu mwache yule, chukua shamba, chukua mkono wangu. Akajisikia akifanya hivyo akaona aibu mbele ya Mungu, akanyamaza tu.

Simu ililia Alhamisi mchana. Aliishika vibaya ikaanguka, akaiokota.

"Kaka," Asmaa alisema, "ametoka salama. Ameamka. Ameomba uji."

Hasani alikaa kwenye kizingiti akalia kwa sauti, watoto wakatoka uani kumtazama. "Na mama yake?"

"Aliingia jana jioni, tope mpaka kwenye nywele. Yuko naye. Ngoja nikupe mwenyewe, wameniruhusu dakika moja."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nyembamba ikaja.

"Baba."

"Naam, mama."

"Wamenishona."

"Alhamdulillahi. Inauma?"

"Kidogo." Akapumua, na Hasani akaisikiliza ile pumzi ikiingia na kutoka bila kukwama popote. "Baba, uliniona nilivyotembea?"

"Wapi, mama?"

"Kule kwenye ndege. Nilitembea polepole, polepole sana, wala sikugeuka, kama unavyosema. Nilitaka watuite. Wakuuzie na wewe kiti."

Hasani aliibana simu sikioni. Mtoto akamalizia, taratibu, bila kununa.

"Nilifika mpaka kwenye ngazi, baba. Hawakuita."